Nani Akaze Nyuzi? Mjadala wa Ukumbi wa Ngome Kongwe

Ngome Kongwe ya Unguja imeshakuwa kila kitu. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya Wareno kutolewa mwishoni mwa miaka ya 1600, pale pale lilipokuwa kanisa la Wareno hao. Ikawa jela. Ikatumika kwa kazi za reli ya Bububu. Mwaka 1949 ikageuzwa klabu ya wanawake. Miaka ya 1990 ikapata ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe za kukalia, na tangu hapo umepigwa humo muziki wa kila namna: usiku wa tamasha la filamu la ZIFF, ngoma za kuwaonyesha watalii, na kuanzia 2004 Sauti za Busara, tamasha la Februari linalokusanya wapigaji kutoka Afrika nzima na kwingineko kwa sharti kwamba wapige mubashara, bila kanda inayowasindikiza kwa nyuma.

Sifa zake zimeshaandikwa vya kutosha, nami sina nia ya kuziondoa. Lakini kuna ubishi ambao huzuka barazani watu wakishatawanyika: ukumbi kama huu unakuwa wa wenyeji kwa lipi? Kwa kupokea kila muziki unaobisha hodi, au kwa jambo jingine? Wanaobishana hapa chini nimewatunga mimi, hoja zao sikuzitunga. Yuko Mratibu, mama wa makamo ambaye kazi yake ni kuandaa maonyesho. Yuko Maalim, mpiga fidla wa klabu ya taarab. Yuko Kijana, anayetengeneza singeli chumbani kwao Ng'ambo. Na yuko Bibi, aliyewacheza wari wengi unyagoni na ngoma zake bado anazo. Mimi nitaingilia nikishindwa kuvumilia.

MRATIBU: Nielezeni kosa liko wapi. Usiku mmoja, jukwaa moja. Anashuka mpiga kora wa Mali, wanapanda watu wa taarab, wakimaliza inaingia bendi kutoka Réunion. Mtoto wa mtaa wa Malindi anayaona yote hayo kwa nauli ya miguu yake, na kiingilio cha mwananchi si sawa na cha mgeni, ni kidogo. Asiyekuwa na hata hicho, gwaride la ufunguzi linampitia mlangoni bure, beni mbele, watoto nyuma. Ukumbi wa jamii gani mwengine mnautaka?

MAALIM: Kosa hakuna, bibie. Kuna hesabu tu. Ukiwapandisha watu watatu mmoja baada ya mwengine hujawachanganya. Umewapanga foleni.

MRATIBU: Tunawachanganya pia, Maalim. Kuna warsha. Wapigaji wa hapa na wageni wanakaa pamoja kabla ya tamasha, wanatunga, kisha wanapanda jukwaani na walichokitunga.

MAALIM: Wanakaa siku ngapi?

MRATIBU: Siku chache. Fedha ndiyo inayoamua.

MAALIM: Basi nikueleze kinachotokea katika siku chache. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na ubavuni ina vibati vidogo vya kupandishia na kushushia sauti kidogo kidogo. Vibati vile havikuwekwa kwa urembo. Maqam, zile ngazi za sauti za Kiarabu, kama Rast na Bayati zina sauti inayokaa katikati, baina ya vibonye viwili vya kinanda. Sasa anakuja mgeni, mtu mzuri, na kinanda chake. Kinanda hakikazwi. Nani atamfuata nani? Mwenye ganuni anageuza vibati vyake, anaziacha zile sauti za kati, anapiga nusu ya anachokijua. Watu wanapiga makofi, magazeti yanaandika kwamba tamaduni mbili zimekutana. Hazikukutana. Moja imemsogelea mwenziwe, na huyo mwenziwe hakujua hata kama amesogelewa.

KIJANA: Shikamoo, Maalim.

MAALIM: Marahaba.

KIJANA: Naomba kuuliza kwa adabu. Klabu yenu ina akodiani?

MAALIM: Inayo. Tena mbili.

KIJANA: Akodiani inakazwa?

MAALIM: (Anacheka.) Haikazwi.

KIJANA: Sasa si mlishasogea zamani! Babu zetu walipoileta akodiani kwenye taarab, hizo sauti za kati walizipeleka wapi?

MAALIM: Umenishika vizuri. Walisogea, kweli. Lakini walisogea kwa miaka. Akodiani ilikaa nasi mpaka ikajua mahali pa kunyamaza, fidla na udi vikapita vyenyewe pale ambapo yenyewe haiwezi kupita. Hakuna aliyetuambia tukutane Jumatatu, Alhamisi tupande jukwaani. Mie sikatai kusogea. Nakataa kusogezwa kwa haraka, kwa sababu tiketi zimeshauzwa.

Hapa mimi naingia, maana Maalim amegusa jambo ambalo waandishi wa habari za burudani tunalipita mbio. Tunaandika juu ya usiku wa maonyesho kwa sababu ndio wenye taa. Lakini klabu za taarab za Unguja, Ikhwani Safaa tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958, hazikuumbwa na usiku wa maonyesho. Ziliumbwa na mazoezi: watu wale wale, chumba kile kile, jioni baada ya kazi, mtu akikosea anarudishwa mwanzo, jirani anapita akisikiliza na kutia lake. Humo ndimo nyimbo za sinema za Kihindi zilimopata maneno ya Kiswahili, na humo ndimo mtindo wa Cairo ulimolegezwa ukafanana na watu wa hapa. Ukiniuliza mchanganyiko unafanyika wapi, nitakupeleka huko kabla sijakupeleka Ngome Kongwe.

MRATIBU: Mnaniwekea lawama isiyo yangu. Hiyo taarab mnayoilinda ilikuja kwa njia gani? Inasimuliwa kwamba Seyyid Barghash alileta wapigaji kutoka Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni. Hiyo si warsha? Hao si wageni waliolipwa? Miaka 140 baadaye mnakaa juu ya baraza mnasema ni mila yetu.

MAALIM: Hakuna aliyesema mila safi. Mie mwenyewe fidla yangu ya Kichina na wimbo wangu una sauti ya Kimisri. Lakini tizama vizuri mfano uliouleta. Barghash alitawala kuanzia 1870 mpaka 1888, na muziki wake ulipigwa jumbani, kwa Kiarabu, kwa walioalikwa. Mpishi aliusikia akiwa jikoni. Mchanganyiko ulikuwepo mkubwa tu, ukumbi wa watu haukuwepo. Mambo haya mawili hayatembei pamoja kila siku.

BIBI: Aliyeutoa nje ni mwanamke.

MAALIM: Ndiyo, Bibi. Siti binti Saad wa Fumba, mfinyanzi aliyekuja mjini akitembeza vyungu. Akaimba Kiswahili. Nyumba yake Ng'ambo ikawa ndio ukumbi, yeye na wenzake wanafanya mazoezi ndani, watu wamejaa nje. Mwaka 1928 wakapanda meli kwenda Bombay kurikodi santuri. Maana yake alikwenda kwa wageni akiwa ameshajua anachokipiga, na amekijua mbele ya jirani zake. Hilo ndilo ninalolitaka mie. Kwanza jirani, kisha Bombay.

KIJANA: Halafu kidumbak.

MAALIM: Endelea.

KIJANA: Nyimbo ni zile zile za taarab, lakini waliokuwa hawana fedha ya kuwalipa watu ishirini wakazichukua wakazikimbiza. Ngoma mbili ndogo, cherewa, mkwasa, fidla moja, na sanduku la chai lenye uzi mmoja ndio besi. Harusi nzima inacheza. Leo kidumbak kinapandishwa Ngome Kongwe kama turathi, sawa, kinastahili. Sasa nitizameni mimi. Singeli ilitoka Dar, Tandale na Manzese huko, na watu walianza kwa kukata vipande vya taarab, kuvizungusha, kuvipeleka mbio mpaka mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Hawakuwa na bendi, walikuwa na kompyuta moja mbovu. Tofauti yangu na mwenye sanduku la chai ni nini? Na mlango wenu umeandikwa mubashara tu. Watu wa lebo ya Nyege Nyege ya Kampala ndio waliotoa albamu ya Sounds of Sisso mwaka 2017, na wapigaji wa Dar wakaanza kuitwa Ulaya. Wageni wametusikia kabla ya jumba letu wenyewe.

MRATIBU: Mwanangu, sharti lile halikuwekwa kwa kukuchukia wewe. Liliwekwa kumlinda huyu Maalim. Nikiruhusu mtu apande na kanda yake, mwakani atakuja mmoja na kompyuta yake kwa malipo ya mtu mmoja, na bendi ya watu kumi na wanane hakuna atakayeipigia simu. Nayajua mahesabu, ndiyo kazi yangu.

MAALIM: Na si jambo la kubuni. Tumeliona miaka ya 1990, kinanda cha rusha roho, hiyo taarab ya kisasa, kilipoingia harusini. Safu nzima ya fidla ikakaa nyumbani. Watu walisema ni kupita kwa wakati. Ilikuwa ni bei.

Angalieni jinsi pande zinavyohama. Dakika chache nyuma Maalim alikuwa akimshitaki Mratibu. Sasa wamekaa upande mmoja wa benchi na Kijana amebaki peke yake. Nafurahi, maana mjadala ambao kila mtu anatoka na alichoingia nacho hauna haja ya kuandikwa. Sharti la mubashara ni zuri na lina mhanga wake. Yote mawili ni kweli, na mwenye ukumbi anayetaja moja tu anauza kitu.

BIBI: Nyie mnazungumza vyombo. Mie nataka kuzungumza watu.

MRATIBU: Karibu, Bibi.

BIBI: Ngoma haina watazamaji. Aliyekuja amekuja kuitikia. Mie nikianza, lazima nione uso wa anayenipokea, nijue nimpe neno gani, nimchokoze wapi. Huko kwenu mnaniwasha taa machoni, mbele yangu kiza kitupu. Naimba, sijui anaitikia nani. Baadaye naambiwa nimefurahisha. Nimemfurahisha nani?

MRATIBU: Taa zinaweza kupunguzwa.

BIBI: Na moto?

MRATIBU: Moto gani tena?

BIBI: Ngoma ya ngozi inaota moto, mwanangu. Upepo wa usiku wa bahari ukiipiga inalegea, inatoa sauti ya kibuyu. Nyumbani moto uko pembeni, anayelegea anakwenda kuotesha, mwengine anashika, hatusimami. Kwenu naambiwa una dakika arubaini na ngoma umeshaziotesha nje barabarani. Ngoma ya tatu imeshalala, na yule wa vyombo anasogeza kipaza sauti karibu zaidi, kama kwamba tatizo ni kusikika.

MAALIM: Hilo ni kubwa kuliko ganuni yangu.

KIJANA: Bibi, samahani. Lakini si Bi Kidude alizunguka dunia na unyago huo huo? Walimpa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Mpaka anafariki Aprili 2013, alikuwa mmoja wa wasanii wa kwetu waliojulikana sana nje.

BIBI: Bi Kidude, Mungu amrehemu, alikuwa na kifua cha kusimama popote, hata taa zenyewe zilimwogopa. Usimfanye yeye kipimo cha wote. Tena sikiliza. Ngoma inaweza kupigwa mbele ya watu, haina haramu yake. Mafunzo ni ya ndani. Mtu akinilipa nipige, nitapiga. Akinilipa nifundishe wari wangu mbele ya wanaume wenye kamera, fedha yake arudi nayo. Sasa, huyu mwandishi ametaja kwamba pale Ngome mwaka 1949 palikuwa klabu ya wanawake. Mnataka pawe pa kila mtu? Nipeni usiku mmoja wa wanawake watupu. Mlango ufungwe.

MRATIBU: Bibi, jumba la watu wote halifungwi mlango.

BIBI: Kwa nani watu wote? Mabinti wa Makunduchi na wa Mkokotoni hawaji kwenye tamasha lako usiku wa manane, wanaume wamejaa, pombe imo. Mama zao hawawaruhusu, na mie siwalaumu. Usiku wa mlango kufungwa wangekuja kwa mabasi. Wangekuja Wahindi wa Hurumzi, Wangazija, Waarabu, wazungu wenu wa kike nao waje. Huo si mchanganyiko?

Mratibu alikaa kimya hapa, nami nilimwachia akae. Nimesoma makala nyingi kuhusu kumbi za tamaduni mbalimbali, na karibu zote zinachukulia kwamba mlango wazi ndio uungwana. Bibi anasema mlango wazi kwa wote huwa, kwa watu fulani, umefungwa. Sina jibu la kumshinda.

MRATIBU: Nitasema kweli. Usiku huo sitapata mfadhili. Mfadhili anataka picha. Bila picha hakuna ripoti, bila ripoti hakuna mwakani.

MAALIM: Hapo ndipo tulipofika penyewe. Anayelipa ni mgeni, kwa hiyo anayetizamwa ni mgeni.

MRATIBU: Usinirukie, Maalim. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kwa kukosa fedha. Siku zile nani alijitokeza? Mahoteli yanayojaa kila Februari yalitoa nini? Wewe klabu yako ilitoa nini? Wafadhili wa nje walipopungua, tuligundua kwamba wenyeji tunaopenda kusema ukumbi ni wetu hatujawahi kuulipia.

Lawama hiyo ni ya haki, na niiongeze uzito. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, kilianzishwa mwaka 2002. Humo watoto wa Unguja wamefundishwa udi, ganuni, fidla, akodiani na ngoma za hapa, wamekaa darasa moja na wanafunzi kutoka nje. Zamani kwenye taarab mwanamke aliimba na mwanamume akapiga. Leo wasichana wanashika ganuni, na sehemu kubwa ya heshima hiyo ni ya chuo kile, pamoja na kikundi cha Tausi cha Bi Mariam Hamdani, ambacho wapigaji wake ni wanawake. Mwaka 2019 chuo kilitangaza kwamba fedha zimekwisha na huenda kikafunga milango. Hakikufunga. Lakini linganisha kelele. Tamasha likikosekana mwaka mmoja, mji mzima unaona, wenye vyumba vya kulala wageni wanashika vichwa. Mahali ambapo mtoto anakaa miaka mitatu akijifunza kusikia sauti ya mwenziwe pakitetereka, anayeona ni mwalimu ambaye hajalipwa. Kama ningekuwa na shilingi moja ya kugawa baina ya siku chache za Februari na siku nyingine zote, najua ningeiweka wapi, na najua Mratibu angenikasirikia.

MRATIBU: Ninakasirika, ndiyo. Wanafunzi wa chuo hicho wanaonekana wapi? Si jukwaani kwangu? Mtoto gani atakaa miaka mitatu anakaza nyuzi kama hajawahi kuona mtu mzima akipigiwa makofi kwa kazi hiyo?

MAALIM: Hilo nalikubali. Hata mie nilianza kwa kuchungulia dirishani.

KIJANA: Mimi nilianza kwa kuchungulia pia. Kwa juu ya ukuta.

MRATIBU: Sawa. Tuache kulaumiana, semeni mnataka nini, niandike.

MAALIM: Wiki mbili. Mgeni anayetaka kupiga nasi akae wiki mbili, aje klabu kila jioni, akae nyuma kwanza. Wiki ya kwanza asipige.

MRATIBU: Wiki mbili hoteli ya nani?

BIBI: Hoteli ya nini? Watu hawana nyumba? Siku za Mwaka Kogwa Makunduchi wageni wanalala wapi?

MRATIBU: Mpiga gita wa Ulaya alale Jang'ombe kwa wiki mbili.

KIJANA: Kwetu kuna chumba. Intaneti ni ya kubahatisha, lakini kipo.

MRATIBU: Nimeandika. Na wewe?

KIJANA: Siku moja ya katikati ya wiki, nje ya msimu, kiingilio hakuna. Sitaki tamasha. Nataka vipaza sauti vilivyolala stoo miezi kumi na moja viamshwe, anayetaka kupanda apande, singeli, beni, kasida, chochote. Akizomewa azomewe.

MRATIBU: Umeme?

KIJANA: Tuchange. Umesema hatujawahi kulipa, tuanzie hapo.

MAALIM: Na kompyuta yako utakuja nayo.

KIJANA: Nitakuja nayo, Maalim. Nisamehe.

MAALIM: Nataka nijue kitu kimoja kabla sijakusamehe. Hiyo kompyuta inakazwa?

KIJANA: Vipi?

MAALIM: Sauti ya Bayati, ile ya kati, inaipata? Au ni kinanda kingine tu?

KIJANA: Inaipata. Naivuta sauti juu au chini kwa sehemu ndogo kuliko hizo za vibati vya ganuni. Sijawahi kuhitaji, ila inaweza. Ninyi nipeni ganuni yenu niifuate.

MAALIM: Yaani chombo kinachoweza kunifuata kimekaa nje ya ukuta, na kisichoweza kimepandishwa jukwaani kwa miaka yote hii?

MRATIBU: Maalim, usinitizame mimi. Nani aliyetaka sharti la mubashara dakika kumi zilizopita?

MAALIM: Sijalitengua. Njoo klabu Jumanne, kijana, baada ya isha. Jukwaani bado. Uje kwanza tukusikie.

BIBI: Na moto wangu?

MRATIBU: Bibi, ile ni ngome ya Serikali, tena iko ndani ya Mji Mkongwe ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Kuwasha moto ndani yake itabidi niandike barua.

BIBI: Iandike leo, mwanangu. Na ile ya usiku wa wanawake uiweke bahasha hiyo hiyo.